Tovuti za Picha: Wapi pa Kununua, Wapi pa Kuuza

Chukua kipeperushi chochote cha benki, cha bima ya afya au cha chuo binafsi kilichochapwa Dar es Salaam au Nairobi. Hawakosekani baba, mama na watoto wawili wanaocheka mbele ya kompyuta mpakato, jikoni, kwenye kaunta ya marumaru, na baba kavaa sweta. Sweta, Dar es Salaam, mwezi wa Februari! Familia hiyo haijawahi kukanyaga Kariakoo. Huenda ilipigwa picha Cape Town, ambako Yuri Arcurs, mpiga picha wa Denmark aliyepata umaarufu kwa kuuza picha nyingi za bei nafuu kuliko mwingine yeyote duniani, alihamishia kazi zake na kujenga kampuni ya PeopleImages. Huko picha hutengenezwa kama filamu: kuna waigizaji, wapambaji, mavazi yaliyopangwa, na kila anayeonekana amesaini karatasi kabla taa hazijawashwa.

Mbunifu aliyeichagua picha ile hana kosa kubwa. Alikuwa na siku moja, bajeti finyu, na tovuti iliyompa maelfu ya picha za familia za Kiafrika ambazo kisheria hazina mgogoro. Picha ya familia ya Mbagala ingependeza zaidi, ila haikuwepo, au ilikuwepo bila ridhaa ya waliomo. Pengo hilo ndilo linalounganisha maswali mawili ambayo kwa kawaida huulizwa mbalimbali: mwenye biashara anauliza anunue picha tovuti gani, na mpiga picha anauliza apeleke zake tovuti gani. Kwa wote wawili, karatasi zinazoambatana na picha zina uzito kuliko jina la tovuti. Tovuti huchaguliwa mwisho, baada ya kujua picha itafanya kazi gani na nani ametoa ruhusa gani.

Majina mengi, wenye mali wachache

Ukisoma orodha za tovuti bora za picha utadhani soko lina wauzaji lukuki wanaoshindana. Ukiwafuatilia wenye mali, wanabaki wachache. Getty Images, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Mark Getty na Jonathan Klein, ndiyo inayomiliki iStock, iliyoinunua mwaka 2006 kwa dola milioni 50. Tangu mwaka 2021 inamiliki pia Unsplash, tovuti ya picha za bure iliyozaliwa Montreal. Pexels na Pixabay, nazo za bure, zimekuwa za Canva tangu mwaka 2019. Fotolia ilinunuliwa na Adobe kwa dola milioni 800, na mwaka 2015 ikawa msingi wa Adobe Stock. Corbis, ghala la picha aliloanzisha Bill Gates mwaka 1989, liliuzwa kwa Visual China Group mwaka 2016, na usambazaji wa picha zake nje ya China ukaangukia mikononi mwa Getty. Alamy ya Uingereza iko chini ya PA Media Group tangu mwaka 2020. Halafu Januari 2025 Getty na Shutterstock, mahasimu wa miaka mingi, wakatangaza nia ya kuungana kuwa kampuni moja yenye thamani ya takriban dola bilioni 3.7, na wasimamizi wa ushindani wa biashara Marekani na Uingereza wakaanza kuuliza maswali.

Kwa mnunuzi, habari hii ina faida moja ya mkononi. Wapiga picha wengi hupeleka picha ileile tovuti tatu au nne, na baadhi ya picha za iStock zinauzwa pia Getty kwa bei ya juu zaidi. Kabla hujalipa, ipakie ile nakala ya mfano yenye alama ya maji kwenye kitafutaji cha picha cha Google. Mara nyingi utaikuta kwingine kwa bei pungufu.

Bei hizi za chini zenyewe zina historia fupi. Mwaka 2000 Bruce Livingstone alianzisha iStockphoto huko Calgary, Kanada, mwanzoni kama mahali pa wabunifu kubadilishana picha, baadaye kwa malipo ya senti chache. Mwaka 2003 Jon Oringer alifungua Shutterstock jijini New York akianza na picha 30,000 alizopiga mwenyewe, na akaleta mtindo wa kulipia kwa mwezi. Kabla yao, leseni ya picha moja kutoka kwa wakala ingeweza kugharimu mamia ya dola. Baada yao, wapiga picha wa kulipwa waliona thamani ya kazi yao ikishuka mwaka hadi mwaka. Inafurahisha kwamba Livingstone huyohuyo alishiriki baadaye kuanzisha Stocksy, ushirika ambao wapiga picha ndio wanachama wake, wakipata asilimia 50 ya leseni za kawaida na asilimia 75 ya leseni pana. Aliyeliangusha soko akarudi kujenga ukuta kando yake.

Kuuza picha zilizokwisha kupigwa si jambo geni kwenye pwani yetu. Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, imeendelea kuuza nakala za picha za zamani kwa wageni. Mohamed Amin alianzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, kabla ya kuhamia Nairobi, akiuza picha na filamu kwa vyombo vya habari vya nje. Amin anajulikana zaidi kwa picha za njaa ya Ethiopia za mwaka 1984, lakini kibiashara jambo kubwa alilofanya ni kutunza maktaba yake mwenyewe. Picha za miaka ya 60 zilibaki mali ya kampuni yake, zikiwa na maelezo, tarehe na mahali.

Unapolipa, unapata nini?

Picha hubaki ya aliyeipiga. Unacholipia ni ruhusa ya kuitumia kwa namna fulani, na ugomvi mwingi wa picha hutokea kwa sababu mnunuzi hakuisoma ruhusa hiyo.

Leseni inayouzwa zaidi ni ile ya kulipa mara moja na kutumia mara nyingi, bila mrabaha kwa kila matumizi. Kwa Adobe Stock, Shutterstock na iStock, leseni ya kawaida ya aina hii inaruhusu tovuti, matangazo, vitabu na vipeperushi hadi nakala 500,000. Kampuni chache sana za Afrika Mashariki zitaufikia ukomo huo. Kinachowakamata watu wetu ni bidhaa. Ukichapa picha kwenye kanga, fulana, kalenda au kikombe cha kuuza, na picha ndiyo inayomvuta mteja, unahitaji leseni pana yenye bei yake. Kuifanya picha ya tovuti kuwa nembo ya biashara hairuhusiwi kabisa, kwa sababu mtu mwingine anaweza kununua ileile kesho. Na mbunifu mwenye akaunti moja asidhani leseni yake inatosha kwa wateja wake wote. Picha aliyomtumia mteja wa kwanza, kwa mteja wa pili inanunuliwa upya.

Zamani ilitumika sana leseni ya matumizi mahususi, ambayo bei yake ilitegemea nchi, muda na ukubwa wa tangazo. Ilikuwa na faida kubwa: muuzaji aliweza kukuhakikishia kwamba mshindani wako hatatumia picha hiyohiyo. Getty ilitangaza mwaka 2019 kwamba inaiondoa kwenye picha zake za ubunifu. Leo anayetaka picha ya peke yake ni bora aagize ipigwe.

Kisha kuna picha za habari. Umati wa sokoni, mgombea jukwaani, kituo cha daladala chenye nyuso ishirini na mabango ya kampuni za simu: hizi zimewekewa alama kwamba ni za magazeti, vitabu na makala tu. Benki ikiichukua picha ya aina hiyo na kuandika juu yake "Kopa leo", imevunja masharti, na tovuti haitasimama nayo mahakamani. Hata picha ambazo waliomo wamesaini zina mipaka. Masharti ya tovuti kubwa yanakataza, au yanawekea masharti ya ziada, matumizi yanayomwonyesha mtu kama mgonjwa, mraibu au mfuasi wa chama cha siasa. Mashirika yanayochapa mabango ya VVU, afya ya akili au ukatili wa kijinsia yangepaswa kulisoma sharti hilo mara mbili. Angalau pawe na maandishi kwamba anayeonekana ni mwigizaji.

Sheria za nchi nazo zimeanza kuuma. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wa data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kumweka mteja wake mtandaoni bila kumuuliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa hiyo yule meneja anayesema "piga tu picha ya wateja pale kaunta, tuweke kwenye Instagram" anaweza kuigharimu kampuni kuliko usajili wa tovuti wa miaka kumi.

Na za bure je? Unsplash, Pexels na Pixabay zinaruhusu matumizi ya biashara bila malipo, na kwa mandhari, chakula, mawingu na vifaa sioni sababu ya kuzikwepa. Udhaifu wake uko kwenye watu. Hakuna anayekuhakikishia kwamba mama aliyeko kwenye picha anajua kuwa yuko mtandaoni, seuze kwamba alikubali kutangaza dawa ya minyoo. Wikimedia Commons ina hazina kubwa ya picha za Afrika, zikiwemo za shindano la Wiki Loves Africa linalofanyika tangu mwaka 2014, lakini nyingi kati ya hizo zinataka mpiga picha atajwe jina, na baadhi zinataka kazi iliyotokana nazo itolewe kwa masharti yaleyale. Ile kauli ipendwayo na wahariri wetu, "Picha kwa hisani ya mtandao", haimtaji mtu yeyote. Mtandao haujawahi kumpa mtu hisani.

Kulipa nako kuna vituko vyake. Carol Highsmith, mpiga picha wa Marekani, alitoa maelfu ya picha zake kwa Maktaba ya Bunge la nchi hiyo ili umma uzitumie bure. Mwisho wa mwaka 2015 alipokea barua ya kudaiwa dola 120 kwa kutumia picha iliyowekwa kwenye tovuti ya taasisi yake. Picha hiyo alikuwa ameipiga yeye. Mwaka uliofuata aliishtaki Getty, pamoja na Alamy, akidai zaidi ya dola bilioni moja. Sehemu kubwa ya madai yake ya hakimiliki ilitupwa, kwa kuwa picha iliyoachiwa umma inaweza kuuzwa na yeyote. Kwa mnunuzi wa picha za kihistoria, kesi hiyo inaelekeza pa kuanzia: kwenye taasisi iliyohifadhi picha. Picha ya Mwalimu Nyerere, kwa mfano, iulizie kwanza Idara ya Habari, MAELEZO, kabla ya kuilipia London.

Kuhusu namna ya kulipa sitasema mengi. Anayehitaji picha kumi kila mwezi atapata kifurushi cha karibu dola 30 kwa Adobe Stock au Shutterstock, na anayetumia Photoshop kila siku atafaidi Adobe Stock kwa sababu picha zinaingia moja kwa moja ndani ya programu. Anayehitaji picha mbili kwa mwaka anunue moja moja iStock, aondoke. Mtego uko kwenye mpango wa mwaka unaolipwa mwezi kwa mwezi: ukiacha katikati, unatozwa. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe kwa madai kwamba iliificha tozo ya aina hiyo kwa wateja wa programu zake. Kadi yako ya benki isiachwe kwenye akaunti ambayo hujasoma namna ya kuifunga.

Upande wa muuzaji

Hapa ndipo matumaini ni mengi na hesabu ni chache. Vijana wengi wenye kamera nzuri wameambiwa kwamba picha zikishapakiwa zitalipa zenyewe wakiwa wamelala. Zitalipa, ila kwa senti.

Tuanze na mgawo. Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya bei, na picha inapopakuliwa na mteja wa usajili, mara nyingi malipo ni senti thelathini na kitu. Shutterstock ilibadilisha utaratibu wake Juni 2020: unaanza na asilimia 15, unapanda ngazi kadiri picha zako zinavyopakuliwa hadi asilimia 40, na kila tarehe 1 Januari unarudishwa ngazi ya chini kabisa. Malipo ya chini kwa picha ni senti 10. Wapiga picha walilalamika sana, wengine wakafunga akaunti zao, na utaratibu ukabaki. iStock inampa asilimia 15 mpiga picha asiyefungwa nayo peke yake. Alamy inatoa asilimia 40, lakini anayeuza kidogo mno kwa mwaka hushushwa hadi 20.

Asilimia peke yake hudanganya. Adobe Stock hukulipa ukifikisha dola 25. Kwa senti 33 kila kipakuo, hiyo ni vipakuo 76. Kwa senti 10 za Shutterstock, fedha hiyohiyo inataka vipakuo 250. Alamy inaweza kukaa miezi bila kuuza kitu, kisha picha moja ikanunuliwa na mchapishaji wa vitabu vya shule vya Uingereza na kukuletea makumi ya dola kwa mkupuo. Kwa hiyo aina ya picha ulizonazo ndiyo inayoamua. Mwenye picha za biashara, watu wenye ridhaa na vitu vilivyopigwa vizuri, aanze Adobe Stock. Mwenye picha za mahali, matukio, mila, majengo na viumbe vyenye majina sahihi, aanze Alamy. Stocksy ina mgawo mtamu, ila hupokea wachache na hutaka picha zisiuzwe kwingine. Shutterstock ningeiweka mwisho, na ningeifikiria tu kwa mtu mwenye maelfu ya picha na subira ya kuzipakia.

Kodi nayo inamshangaza mgeni. Adobe na Shutterstock ni kampuni za Marekani, hivyo utaombwa kujaza fomu ya W-8BEN inayothibitisha kwamba wewe si mkaazi wa huko. Fomu ni bure na hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule ulioisaini. Tanzania na Kenya hazina mkataba na Marekani wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, kwa hiyo sehemu ya mapato inayotokana na wateja walioko Marekani inakatwa kodi ya zuio ya asilimia 30. Mauzo ya Ujerumani au Japani hayaguswi. Mpiga picha anayeona dola 40 kwenye akaunti asishangae kupokea pungufu.

Kisha fedha ifike. Mkenya anaweza kupokea kwa PayPal na kuhamishia M-Pesa. Kwa Mtanzania, akaunti za PayPal kwa miaka mingi zimekuwa za kulipia zaidi kuliko kupokea, ndiyo maana wengi hutumia Payoneer na kutoa fedha benki. Hili lichunguzwe siku ya kwanza. Tovuti inayolipa asilimia 60 kupitia njia usiyoweza kuifungua inakulipa sifuri.

Sasa, upige nini? Wengi huanza na simba, machweo ya Serengeti, Kilimanjaro na majahazi ya Nungwi. Picha hizo ni nzuri na hazina uhaba, kwa sababu watalii wenye lenzi za mamilioni ya shilingi wamezipiga kwa miongo, na wao hawahitaji hata zinunuliwe. Isitoshe, kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi za taifa kunahitaji kibali, na kurusha droni kuna vibali vyake.

Kinachokosekana ni maisha ya kawaida yaliyopigwa kwa ubora wa tangazo na kuwa na ridhaa. Fundi cherehani akimpima mteja. Mfamasia akimweleza bibi namna ya kumeza dawa. Kikao cha VICOBA na daftari lake la michango. Mwalimu ubaoni, msichana anayejifunza ufundi umeme, bodaboda mwenye kofia ngumu na abiria mwenye kofia pia. Mhariri wa ripoti ya maendeleo huko Geneva anazitafuta picha hizi, na mbunifu wa Masaki anazitafuta, wote wawili wanaishia Cape Town.

Kwa picha za biashara kuna kikwazo ambacho mtu wa Ulaya hakijui: kuta zetu. Duka limepakwa rangi ya kampuni ya simu, kibao chake kina jina la soda, mwamvuli wa muuza vocha una nembo, na kiti cha plastiki kina nembo pia. Tovuti itaikataa picha hiyo kama picha ya tangazo. Ama uchague ukuta mtupu, ama ufute nembo kwenye kompyuta, ama uikubali kuwa picha ya habari yenye soko dogo. Wapiga picha wazoefu hutembea na kitambaa cha kufunikia.

Ridhaa yenyewe inahitaji kauli nyoofu. Fomu za tovuti huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kumpa mama ntilie asaini bila kumsomea kwa Kiswahili ni hila, hata kama sahihi ni yake. Aambiwe wazi kwamba sura yake inaweza kuonekana kwenye tangazo la kitu chochote, nchi yoyote, bila yeye kuulizwa tena, na kwamba akibadili mawazo mwakani huenda isiwezekane kuirudisha. Mtoto husainiwa na mzazi au mlezi. Wengi wakielezwa hivyo hukataa, na ni haki yao. Anayekubali alipwe siku hiyohiyo na apewe nakala ya fomu. Hii ni muhimu zaidi kwa jamii kama Wamasai, ambao sura na mavazi yao yameuza hoteli, viatu na magari ya watu wengine kwa muda mrefu kuliko tovuti hizi zilivyoishi.

Halafu yapo maneno ya utafutaji, kazi inayochosha kuliko kupiga picha. Adobe Stock inaruhusu hadi maneno 49 na kuyapa uzito zaidi yale kumi ya mwanzo. Yaandike kwa Kiingereza, maana hapo ndipo wanunuzi wengi hutafuta, lakini jina la mahali liwe kamili: Pemba isiishie kuwa Zanzibar, wala Mbeya isiwe Afrika tu. Mti uwe na jina lake la kisayansi. Mchapishaji wa kitabu cha jiografia anatafuta Adansonia digitata, na mwenye picha ya mbuyu aliyeandika "beautiful African tree" hatapatikana.

Picha zisizo na mpiga picha

Tangu mwaka 2022 kuna muuzaji mpya ndani ya maduka haya. Getty na iStock zilikataa picha zilizotengenezwa na akili mnemba, Adobe Stock ikazipokea kwa sharti la kuwekewa alama. Novemba 2023 iligundulika kwamba picha za kubuni za vita vya Gaza zilizouzwa Adobe Stock zilikuwa zinatumiwa na baadhi ya tovuti kama picha za kweli. Mnunuzi wa gazeti, kitabu cha shule au ripoti ya shirika azime picha hizo kwenye kichujio cha utafutaji kila mara. Mwanamke wa Kipemba aliyetungwa na kompyuta anaweza kuvaa shanga za Turkana na asijue.

Kwa muuzaji, suala ni kwamba picha zake zimekuwa somo la mashine. Shutterstock ilitangaza ubia na OpenAI mwaka 2022 na kuanzisha mfuko wa kuwalipa wachangiaji. Adobe ilifundisha Firefly, akili mnemba yake, kwa picha za Adobe Stock na kutoa bonasi mwaka 2023. Getty iliishtaki kampuni ya akili mnemba ya Stability AI mjini London, na Novemba 2025 mahakama ikayakataa madai yake mengi, ikaipa ushindi mdogo kuhusu alama ya biashara. Asiyetaka picha zake zifundishe mashine asome kifungu hicho kabla ya kupakia, kwa kuwa si kila tovuti inampa nafasi ya kujitoa.

Kununua kwa jirani

Kwa picha za watu wetu, ushauri wangu kwa mwenye kampuni ni kutumia tovuti kwa vitu na mandhari, na fedha iliyobaki imlipe mpiga picha wa hapa kwa siku moja ya kazi. Siku hiyo ikipangwa vizuri inatoa picha za kutosha mwaka mzima: wafanyakazi halisi, ofisi halisi, wateja waliosaini. Kuna pia majukwaa yaliyojikita katika picha za Waafrika, na mojawapo limejiita kwa neno letu lenyewe, Picha. Yafunguliwe kabla ya yale makubwa.

Mpiga picha naye awe macho. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, hakimiliki ya kazi iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa kama mmekubaliana vinginevyo. Picha za harusi, za hoteli na za shirika ambazo vijana huzipakia tovutini usiku wake huenda si zao tena. Popote ulipo Afrika Mashariki, makubaliano yaandikwe kabla kamera haijatoka begani: nani mwenye hakimiliki, picha zitatumika wapi, kwa muda gani, mteja anaweza kuzipa kampuni dada au la, na mpiga picha anaweza kuziuza kwingine lini. Miaka miwili ya matumizi ya pekee ndani ya Afrika Mashariki ni pendekezo ambalo wateja wengi hulikubali likielezwa mapema. Nakala za fomu za ridhaa zibaki kwa pande zote mbili, zikiwa na namba za picha zinazohusika. Mteja anayetaka haki zote, milele, dunia nzima, apewe bei yake tofauti, na aandike anazihitaji kwa kazi gani.